Mdogo wangu kaitwa kamati ya mitihani kisa ripoti ya fildi, hivi kudesa (kunakili kazi ya mwenzio) ni kosa kubwa kiasi hiki?

DadaWaChikongola:

Habari zenu wadau, wakubwa wote shikamooni. Nina jambo linaninyima usingizi naomba mnisaidie mawazo, na wale mliosoma vyuoni au mnaofundisha ndo hasa nawahitaji.

Nina mdogo wangu wa kiume yuko chuo hapa hapa Mtwara, chuo sikitaji, anasoma mambo ya uhasibu. Baba alishatangulia mbele za haki, mama yuko kijijini Tandahimba na mikorosho yake, kwa hiyo hela ya korosho ikiingia tunachanganya na kile ninachopata sokoni hapa Chikongola ndo inakuwa ada. Sasa walitumwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, yeye akapata nafasi kwenye AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja kule kule kwetu Tandahimba, akakaa muda wote waliopangiwa, hela ya kula nikawa namtumia mimi. Akarudi akaandika ripoti akakusanya. Juzi kanipigia simu sauti imekauka, kaitwa mbele ya kamati ya mitihani, wanasema ripoti si ya kwake, zaidi ya nusu inafanana na ripoti nyingine iliyoko mtandaoni, na msimamizi wake kaandika pembeni kwa kalamu nyekundu "hii si Tandahimba".

Nimembana mpaka kasema. Kuna rafiki yake alimpa flashi ina ripoti za watu waliopita, akachukua moja, akabadilisha jina la mtu, jina la chama na jina la wilaya, sehemu zilizopelea akaongezea za kwenye Google. Anasema darasa zima wanafanya hivyo na wengine walishamaliza wana vyeti vyao.

Mimi nimeishia darasa la saba jamani, haya mambo naomba mnieleweshe taratibu. Kitu kiko mtandaoni wazi, hakina kufuli, kila mtu anakisoma bure, akikichukua kamwibia nani? Hakuingia na kikaratasi chumba cha mtihani. Fildi alikwenda kweli, watu wa AMCOS wanamjua kwa sura. Na je watamfukuza? Ada niliyokwishalipa ndo basi tena? Mama sijamwambia, naogopa presha yake.

Kuchele_Kusini:

Pole sana dada. Kwa maoni yangu dogo anaonewa, tuseme ukweli. Ripoti za fildi zote ni zile zile, sura ya kwanza historia ya taasisi, inayofuata kazi alizofanya, halafu changamoto, halafu mapendekezo, sasa hapo utaandika kipya gani ambacho hakijaandikwa na waliotangulia? Mimi nimemaliza miaka ya nyuma na ripoti tulikuwa tunapeana, na leo niko kazini. Aende akaombe msamaha kwa unyenyekevu, watampa sapu (mtihani wa marudio) yaishe. Asiwaze sana.

Mkufunzi_Mikindani:

Marahaba dada'ngu. Pole kwa mzigo, ada ya mtoto wa marehemu baba si kitu kidogo. Mimi nafundisha chuo kimojawapo huku kusini, siyo hicho cha mdogo wako, na ripoti za namna hiyo zinapita mezani kwangu kila mwaka.

Kuchele nakuheshimu ila hapo unampoteza dada. Huyo msimamizi aliyeandika "hii si Tandahimba" ameisoma ripoti ukurasa kwa ukurasa, na maneno yake ndo kesi nzima. Watu wakisikia mwanafunzi amedesa wanafikiria kompyuta imehesabu maneno yanayofanana basi, kumbe ubaya mkubwa upo kwingine. Ripoti ya fildi ni ushahidi. Mwanafunzi anasema nilikuwa mahali fulani, nikaona hiki, nikafanya kile, nikamuuliza mtu fulani akanijibu hivi. Ukichukua ripoti ya mwenzio ukabadilisha jina la wilaya, umewasemea watu wa Tandahimba mambo ambayo hawajayafanya wala hawajayasema. Hilo ni la kwanza, na ndilo linaloniuma kuliko yote, maana huku kwetu yaliyoandikwa ni machache. Msomi wa mbali akija kutafuta habari za ushirika wa korosho atakutana na ripoti kama hizo, atazichukulia ni kweli, atazipeleka mbele zaidi.

Sasa hilo la kwamba iko wazi mtandaoni kamwibia nani. Dada wewe ni mtoto wa mkorosho ngoja nikuulize. Mama anapeleka magunia yake AMCOS, yanapimwa, karani anaandika kilo kwenye stakabadhi. Siku ile ghala liko wazi, kila mtu anayaona magunia ya mama yako, hayana kufuli. Karani akiandika kilo za mama kwa jina la jirani, jirani akachukua malipo mnada ukishapita, utasema hajaibiwa kwa sababu magunia yalikuwa yanaonekana na watu wote? Magunia yanaruhusiwa kuonekana, kinachogombewa ni jina lililoandikwa mbele ya kilo. Na maandishi ni hivyo hivyo. Kusoma ruhusa, kutumia ruhusa, ilimradi useme hizi kilo ni za fulani. Mwanafunzi aliyeandika ile ripoti ya mwanzo alikesha, alizunguka na jua, alihesabu risiti moja moja, na alama za ile kazi zinakwenda kwa mtu aliyefungua flashi.

Mwingine anayeibiwa ni mdogo wako mwenyewe. Wewe unalipa ada ili ajue kukaa na vitabu vya chama avielewe, aone pesa imeingia wapi imetokea wapi, aandike kwa maneno yake mtu mwingine asome aelewe. Hicho ndicho ulichonunua. Sasa akikabidhi kazi ya mtu mwingine ina maana ada imekwenda na alichokilipia hakukichukua. Atapata cheti, atakwenda kazini, siku meneja akimwambia niandikie taarifa ya hasara ya ghala la tatu mpaka jioni, hakuna flashi yenye jibu hilo.

Kuhusu adhabu, kila chuo kina kanuni zake za mitihani, kwa hiyo siwezi kukuambia kamati ile itaamua nini. Kwa ninavyoziona huwa zinaanzia kurudia kazi yenyewe, au kupewa sifuri kwenye kazi hiyo, au kufelishwa somo zima akalirudia mwaka unaofuata, au kusimamishwa kwa muda, na mwisho kabisa ni kudisko, yaani kufukuzwa chuo. Wanaangalia ni mara ya ngapi, ni kiasi gani kimechukuliwa, na alivyojibu alipoulizwa. Na usidhani akimaliza salama ndo imeisha. Ujerumani kulikuwa na waziri wa elimu anaitwa Annette Schavan, udaktari wake wa falsafa aliupata 1980, mwaka 2013 chuo kikuu cha Düsseldorf kikamfutia kwa sababu ya maandishi ya watu aliyoyatumia bila kuwataja, ilhali imepita miaka zaidi ya 30, akajiuzulu na uwaziri. Miaka miwili kabla yake waziri wao wa ulinzi, Karl-Theodor zu Guttenberg, naye yalimkuta hayo hayo. Kwa hiyo Kuchele unaposema uko kazini na hakuna aliyekuuliza, mimi nasema karatasi hazifi.

Dada fanya kitu kimoja leo. Mwambie mdogo wako akusomee kwa simu ile sehemu inayoelezea shughuli za chama, akusomee kwa sauti, neno kwa neno. Wewe hujasoma uhasibu lakini umekulia kwenye korosho. Sikiliza halafu rudi hapa utuambie.

SteshenariLindi:

Mkufunzi kamaliza mi naongezea upande ninaouona kila siku. Nina steshenari hapa Lindi mjini, nachapa, naprinti, nafunga ripoti kwa spairo. Kipindi cha kukusanya ripoti vijana wanakuja na flashi wananiambia kaka nibadilishie majina tu hapa na hapa halafu printi. Kuchapa alichoandika mtu kwa mkono ni kazi yangu, kumwandikia au kumgeuzia ya mwenzake nakataa, na wengine wananichukia kwa hilo wanahamia duka la pili.

Kuna mmoja sitamsahau. Alikuwa na ripoti iliyoandikwa kule Kagera, akatumia ile njia ya kompyuta kubadilisha neno moja mara moja kwenye kurasa zote, kila penye Kagera pakawa Lindi. Akaniletea niprinti. Nikiwa napanga kurasa macho yakaanguka kwenye sentensi inayosema mkoa wa Lindi unapakana na nchi ya Uganda, na chini yake wananchi wa Lindi wanaoishi kando ya Ziwa Victoria hujishughulisha na uvuvi. Kijana kazaliwa hapa hapa, bahari anaiona kutoka kwao. Nilimwonyesha akanyamaza kimya, nikamwambia hebu kaa hapo kwenye kiti, chukua hii kalamu, niandikie mambo matano uliyoyafanya wewe mwenyewe kule fildi. Akaandika kurasa mbili bila kunyanyua kichwa. Yaani vitu alikuwa navyo kichwani, tatizo aliaminishwa kwamba vya kwake havina hadhi ya kuandikwa kwenye ripoti.

Na hilo ndo naliona kwa wengi, siyo uvivu peke yake. Ripoti inatakiwa kwa Kiingereza, mtoto Kiingereza kinamsumbua, anaona akiandika chake kitachekwa, anachukua cha mtu kilichonyooka. Lakini msimamizi anamjua mwanafunzi wake, ukurasa wa kwanza Kiingereza cha kuungaunga, ukurasa wa pili ghafla kama kaandika profesa, hapo hata bila kompyuta ameshajua. Na vingine wanaviacha wenyewe, mwandiko wa kompyuta unabadilika katikati ya aya, jina la chuo kingine limebaki chini ya ukurasa, picha ina mtu ambaye hata hakuwepo.

Halafu kuna hawa wanaowalipa watu wawaandikie kila kitu. Hiyo ni hatari nyingine, maana yule uliyemlipa anayo siri yako, na hiyo kazi anaweza kuiuza kwa mwingine wa chuo hicho hicho mwaka huo huo, mkakutana wawili mna ripoti moja na hakuna kati yenu aliyeiandika.

Matokeo yake mtaani nayaona. Kuna kikundi cha vijana walikuwa wanaomba ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, wakamtegemea mwenzao mwenye diploma awaandikie andiko la mradi. Alikuja hapa akanakili andiko la ufugaji wa kuku la mkoa mwingine, bei za chakula cha kuku za kwingine, soko la kwingine, wao wanataka kulima ufuta. Likarudishwa. Wenzake hawakumlaumu hata, walishangaa tu, mtu amesoma miaka yote ile.

DadaWaChikongola:

Nimerudi. Asanteni sana, mkufunzi Mungu akuzidishie. Habari ya kilo za mama imenikaa mpaka nimeshindwa kupanga nyanya.

Nimempigia akanisomea kama ulivyosema. Jamani. Anasoma kwa Kiingereza halafu ananigeuzia Kiswahili. Akasoma kwamba wanachama wanaanza kuvuna mwezi wa tano. Nikamwambia simama hapo hapo, rudia. Akarudia, na yeye mwenyewe sauti ikashuka. Mwezi wa tano sisi Tandahimba nani anavuna korosho? Mwezi wa tano watu wanafyekea mashamba wanaulizana salfa, dawa ya mikorosho, inakuja lini, korosho zinaanza kuanguka mwezi wa tisa, wa kumi ndo kumekucha. Akaendelea, wanachama wanapeleka mazao kwenye mashine ya chama kukobolewa ndipo yauzwe. Nani anakoboa korosho? Zile ni kahawa. Korosho zetu zinaanikwa, zinachambuliwa, zinatiwa kwenye gunia zinaondoka ghafi zikiwa na maganda yake mpaka ghala kuu.

Kilichoniuma zaidi siyo hiyo kahawa. Kuna mahali wameandika wanachama wa chama hicho hawana mwamko wa kuhudhuria mikutano. Mama yangu hajawahi kukosa mkutano wa AMCOS, anatembea kwa miguu, anakaa mbele, anauliza makato yametoka wapi mpaka viongozi wanamjua. Sasa mtoto wake wa kumzaa kaandika kwamba watu wa kule hawana mwamko, na kaandika kwa ada ya huyo huyo mama. Nimemwambia hivyo hivyo kwenye simu. Alilia.

Sasa nimeelewa kwanini msimamizi kakasirika. Ila bado ni mdogo wangu na sitaki apotee. Na kuna jambo sijaelewa, hiyo kompyuta inajuaje?

Kuchele_Kusini:

Dada hapo kwenye mkutano umenigusa, na mimi mama yangu ni mwanachama kule Newala. Basi na mimi naulizia hapo hapo, ni asilimia ngapi inaruhusiwa? Maana nasikia ukiwa chini ya ishirini unapita na ukizidi umekwisha, kuna watu wanashindana kushusha asilimia kwa kubadilisha maneno mawili matatu kila sentensi.

MtuWaMaktaba:

Niingie hapo maana ni eneo langu, nafanya kazi maktaba ya chuo.

Programu zinazotumika ni nyingi, inayojulikana zaidi inaitwa Turnitin. Kinachofanyika ni kwamba ripoti ya mwanafunzi inapakiwa, programu inaikatakata vipande vipande na kuvilinganisha na kurasa za mtandaoni, majarida ya kitaaluma na kazi za wanafunzi zilizowahi kupakiwa humo. Kwa hiyo ile flashi ya rafiki, kama ripoti zake ziliwahi kupitishwa huko, zinajulikana hata kama hazipo Google. Mwisho inatoa asilimia na inapaka rangi kila kipande kilichofanana na kuonyesha kimetoka wapi.

Sasa Kuchele hiyo asilimia ni ya kufanana tu, siyo ya wizi. Mtu anaweza kuwa na thelathini na asiwe na kosa lolote, kwa sababu amenukuu vifungu vya sheria akaweka alama za kunukuu na kumtaja mwenyewe, na orodha ya vitabu mwishoni nayo inafanana na ya wengine. Mwingine ana asilimia nane tu lakini hizo nane ndo matokeo yote ya utafiti kayachukua kwa mtu. Vyuo vinaweka kiwango ili msimamizi ajue wapi pa kuanzia kuangalia, lakini anayeamua ni binadamu anayesoma. Ndo maana kule kushindana kubadilisha neno moja moja hakusaidii. Mtu anachukua aya ya mwenzie, kwenye "wakulima wengi" anaweka "idadi kubwa ya wakulima", mpangilio wa mawazo ni ule ule, mifano ile ile, makosa yale yale. Hiyo bado ni kazi ya mwenzie.

Na kutafsiri ni hivyo hivyo, hili vijana wetu wengi hawalijui. Wanachukua kitu kizuri cha Kiswahili wanakigeuza Kiingereza, au cha Kiingereza wanaleta Kiswahili, wanaona kompyuta haitashika. Rais wa Hungaria, Pál Schmitt, alijiuzulu 2012 baada ya chuo kumfutia udaktari alioupata 1992, na sehemu kubwa ya tasnifu yake ilikuwa ni tafsiri ya kazi ya mtafiti wa Bulgaria aliyeandika kwa Kifaransa. Lugha ilibadilika, mwenye kazi akabaki yule yule.

Siku hizi kuna na ChatGPT, ilifunguliwa kwa watu wote Novemba 2022 na mwaka uliofuata Turnitin nao wakaongeza sehemu ya kutambua maandishi ya mashine. Hiyo sehemu inaweza kukosea, kwa hiyo msimamizi makini hamhukumu mtu kwa hiyo peke yake. Lakini mashine hizo zina tabia moja inayowaumbua vijana, zinatunga marejeo. Unaletewa jina la kitabu, mwandishi, mwaka, kurasa, vyote vimenyooka vizuri, sisi maktaba tukitafuta hakuna kitabu kama hicho duniani. Mwanafunzi amekuja kwangu anaomba nimtafutie kitabu ambacho tayari amekiorodhesha kwenye ripoti yake kwamba amekisoma. Huwa nasikitika sana hapo maana hajui hata kwamba amejishitaki.

Tofauti nyingine, watu wanachanganya hili na hakimiliki. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, hiyo inamlinda mwenye kazi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kitu kikishatoka kwenye ulinzi huo unaweza kukichapisha bila kumuomba mtu. Lakini chuoni hata mwandishi awe amekufa miaka mia iliyopita ukichukua maneno yake lazima umtaje, kwa sababu hapa hatuulizi nani alipwe, tunaulizana haya mawazo yametoka kwa nani.

Na kumtaja mtu hakukushushii alama, ni kinyume chake kabisa. Mdogo wako angeandika kwamba wakulima wa Tandahimba wanapulizia salfa kudhibiti ugonjwa wa ubwiri unga, akasema maelezo haya ameyapata kwenye chapisho la watafiti wa Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Mtwara, la mwaka fulani, halafu akaongeza kwamba Mzee fulani wa kijiji fulani alimwambia msimu huu salfa ilichelewa, msimamizi anaona mtoto kasoma na kauliza. Naliendele pale wamehangaika na huo ugonjwa na mbegu bora miaka na miaka, na wakati wote jina lao linaachwa nje ya ripoti kana kwamba salfa ilijileta yenyewe kwenye mikorosho.

DadaWaChikongola:

Nashukuru mno. Sasa kamati ni wiki ijayo. Kuna jirani kanishauri nimtafute mtu wa pale chuoni nimpe chochote faili lipotee. Na mwingine anasema dogo akatae kabisa, aseme yule mwingine ndo kamwibia yeye. Mniambie kabla sijafanya ujinga.

Mkufunzi_Mikindani:

Usifanye hata kimoja dada, tafadhali sana. Ukitoa hela hapo umeondoka kwenye kosa la chuo umeingia kwenye kosa la jinai, na wewe ndo utakuwa mtuhumiwa. Na akikataa wakati kahawa iko kwenye ripoti ya korosho, anawalazimisha wamwone ni muongo, na hapo ndo adhabu huwa inapanda. Kwenye kamati nilizokaa, mtoto aliyekuja akasema nimefanya, nilifanya hivi na hivi, na kazi yangu mwenyewe hii hapa, anasikilizwa tofauti kabisa na aliyekuja kubisha.

Kwanza apate kanuni za mitihani za chuo chake, aombe ofisi ya taaluma, asome kifungu anachoshitakiwa nacho na adhabu zake. Aingie akijua. Ana haki ya kusikilizwa na akiona ameonewa ana haki ya kukata rufaa, hiyo si hisani ya chuo, ipo kwenye Katiba yetu ibara ya 13(6)(a). Aende na serikali ya wanafunzi kama kanuni zinaruhusu.

Cha pili na ndo kikubwa kwa kesi yake, yeye fildi alikwenda. Hilo ni tofauti na mtu aliyekaa nyumbani. Vyuo vingi vinawapa daftari la kila siku, kuna mahali msimamizi wa kule anasaini na kugonga muhuri. Hilo daftari liko wapi? Kama lipo na limejazwa kwa mkono wake siku kwa siku, ndo silaha pekee aliyonayo. Haitafuta kosa, kosa lipo, lakini itawaonyesha kwamba kuna ripoti ya kweli inayoweza kuandikwa, na anaweza kuomba aruhusiwe kuiandika. Inaweza kuwa wakampa aiandike na alama ikaishia kiwango cha chini cha kufaulu, akubali. Inaweza kuwa akarudia somo mwakani, inauma kwenye ada lakini si mwisho wa maisha.

Kwa wengine mnaosoma hapa mkiwa na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi, mjue kabisa kwamba ukidisko deni halifutwi, utadaiwa kile ulichokwishapewa na ukipata ajira wanakata asilimia 15 ya mshahara. Unalipia miaka ya chuo ambayo haikukupa cheti.

Na mama mwambie dada. Usimfiche mpaka asikie kwa watu. Mwanachama anayekaa mbele akauliza makato hawezi kushindwa kulisikia hili, na huenda ndo mtu wa kwanza wa kumuuliza mambo ya hicho chama ripoti ikianza upya. Yeye alikuwepo mfumo wa stakabadhi ghalani (mkulima anakabidhi korosho ghalani kwa stakabadhi, analipwa mnada ukipita) unaanza huku 2007, alikuwepo 2018 serikali iliponunua korosho kwa 3,300 kwa kilo na jeshi likasomba. Ripoti ya AMCOS ya Tandahimba isiyogusa hayo hata kwa aya moja, na mimi ningeandika pembeni yale yale aliyoandika mwenzangu.

SteshenariLindi:

Na akishaandika asiende kuchapisha kwa wa kubadilisha majina. Aandike kwa mkono hata kama Kiingereza kimevunjika, ampe mtu amsahihishe lugha, na aseme wazi kwenye shukrani kwamba fulani alinisaidia lugha. Hiyo inaruhusiwa. Akikosa mtu anitafute inbox nitamsaidia kusoma sentensi, bure, ila neno moja sitamwongezea.

DadaWaChikongola:

Daftari lipo! Alikuwa kalitupia chini ya begi hata hakujua lina thamani. Kanipigia picha kurasa, kuna siku za kupima, majina ya wanachama na kilo, kuna siku gunia lilipungua uzito kutoka AMCOS mpaka ghala kuu na kaandika karani alivyoeleza, muhuri upo na saini. Haya yote kwenye ripoti hakuna hata moja.

Mama nimemwambia usiku huu. Alikaa kimya kidogo halafu akauliza, kwani kilichokuwa kinamshinda kuniuliza mimi ni nini. Kasema Jumamosi aende nyumbani na kalamu, na atamuita na katibu wa zamani wa chama. Dogo keshaomba kanuni ofisi ya taaluma, wamempa. Mkufunzi naomba nikutumie hizo picha za daftari uangalie kama zinatosha kupeleka kamati au atoe nakala na zile kurasa za mwanzo.

Mkufunzi_Mikindani:

Tuma dada. Atoe nakala daftari zima, siyo kurasa nzuri peke yake, na original abaki nayo mkononi siku ya kamati. Hiyo ya gunia kupungua uzito asiipoteze, aulize na huyo katibu, maana hapo kuna sura nzima ya ripoti.